Nusu ya Tatu

Bibi alinipa jina Kombo, na kazi yangu mimi
ni kunyoosha. Cheka kwanza. Nitasubiri.

Gereji iko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Saba,
ukuta wa chokaa, bati mbili zinavuja,
sakafu nyeusi ya oili ya miaka ishirini.
Jumanne Singano akaleta Landkruza yake,
ile ya kushushia iliki na mdalasini kutoka Amani.
Springi za nyuma zilikuwa zimelala,
zimechoka kama godoro la wageni.
Akanunua mpya, ndefu, za kunyanyua inchi nne.
"Niinue, fundi. Matope ya kule yamenichosha."

Tukamwinua.
Saa nane mchana gari limesimama wima
kama bwana harusi aliyeambiwa asikunje kanzu.
Pesa nikaihesabu mara mbili.

Mwanakheri ndiye aliyeona.
Alikuwa anarudi na chai, juu ya baiskeli,
akapishana na gari likitoka, akageuka,
akalifuata mpaka kona ya wauza mkaa,
akarudi chai imemlowesha kiganja.
"Fundi, nyuma haifuati mbele.
Linakwenda kama kaa."

Ningeweza kunyamaza.
Barabara ya Muheza ingenifichia siri
mpaka tairi zilike upande,
na hapo tungelaumu tairi.
Lakini binti alikuwa ananitazama, chupa mkononi.
Watu husema Tanga waja leo, waondoka leo.
Nikampigia Singano: geuza. Wewe utaondoka kesho.

Springi hazina kosa. Zimekaa kwenye vikombe vyake, zimetulia.
Ingia uvunguni uone: kuna rodi moja imekingama,
imeshika fremu kushoto, imeshika ekseli kulia,
na urefu wake ni ule ule iliyotoka nao kiwandani.
Ukiinua mwili, yenyewe hairefuki.
Inasimama kidogo tu, kimshazari,
na kwa kusimama huko inaivuta ekseli nzima kushoto.
Tairi la kulia likajificha ndani ya bodi,
la kushoto likatoa bega nje
kama mtu anayesikiliza ya jirani dirishani.

Hemedi mkerezaji, kule Gofu, akaikata rodi,
akaichonga hesi, akaitia nati mbili za kukaza.
Sasa inarefuka kwa spana.
Tukapima kwa timazi na futi: kushoto limezidi kulia
sentimita tatu. Basi nikaongeza tatu.
Fundi mkuu huyo! Miaka ishirini na sita!
Gari likahamia kulia, vile vile, tatu kamili.

Mwanakheri hakucheka. Nilimwona akijizuia.
Akachora kwa chaki sakafuni mstari mmoja na alama mbili:
"Ukisogea hatua moja kutoka kwangu kwenda kwake,
mimi nimepoteza moja, yeye kapata moja.
Pengo ni mbili, fundi. Umesogea moja."
Nusu, basi. Nusu ya tatu.
Nikarudisha spana, mzunguko kwa mzunguko,
nikihesabu kwa sauti ili asikie.

"Na usipime likiwa juu ya jeki," nikamwambia,
nipate angalau neno moja la ualimu.
"Lishushe. Litikise. Libebe uzito wake lenyewe,
halafu ndipo ukaze, ndipo upime.
Kinachoning'inia hudanganya."
Hilo akaliandika kwenye daftari lake la VETA.

Alfajiri tukamwaga ndoo nne za maji barabarani,
mbele ya duka la baiskeli lililokuwa bado limefungwa.
Singano akapita polepole kwenye dimbwi,
akanyoosha hadi kwenye lami kavu.
Mwanakheri akainama nyuma yake, mikono magotini,
akisoma alama za tairi kabla jua halijazifuta.

"Mingapi?" nikauliza. Sikutaka kusogea.

"Miwili," akasema. Akatembea tena hatua kumi, akahakikisha.
"Miwili tu, fundi. Na chai ya jana unanidai, au nakudai?"